Kipande cha Saba cha Barafu

Katika jengo zima la maabara, hakuna aliyeijua historia ya jua kama mama wa usafi. Tukiwatoa wenye digrii, bila shaka, na mlinzi wa getini aliyewahi kuisoma gazetini.

Aliyemfundisha ni daktari wa barafu, binti mwembamba aliyemkuta anatetemeka akipiga deki mlangoni pa chumba baridi, akavua koti lake akampa. Hakulidai tena. Siku hiyohiyo akamwonyesha vipande vya barafu vilivyochimbwa nchani mwa dunia, virefu kama mchi.

"Jua likichangamka, mama, linazuia miale ya kutoka nyota za mbali isitufikie. Likizubaa, miale inapenya, chembe zake zinaanguka na theluji. Sisi tunazihesabu humu barafuni, mwaka baada ya mwaka."

"Kumbe hata jua lina siku za uvivu. Mimi nikizubaa naandikiwa barua."

Kwenye trei ya kila kipande ulichorwa mshale wa kuonyesha upande wa juu. Kipande kikigeuzwa, karne zinasomwa kinyumenyume. Ndiyo maana mlangoni pamebandikwa amri: asiye mtafiti akigusa, kazi hana.

Jumatatu mchana, wakubwa wakiwa mkutanoni, mashine ya baridi ikanyamaza. Mama akapiga simu mara tatu, hakuna aliyepokea. Kipimajoto kinapanda. Akalifunga lile koti vifungo vyote, akaingia. Trei hazikuenea kwenye friza ya akiba, basi akavitoa vipande kimoja kimoja, akavibeba kama vichanga.

Jioni daktari akamkuta anakamua dekio.

"Mama, kuna mtu ameniokolea miaka minne ya kazi. Namtafuta nimshukuru."

"Mungu ambariki. Mimi nilikuwa kantini."

"Mchana kutwa?"

"Chai ilikuwa ya moto sana."

Daktari akashusha pumzi. "Basi tena. Trei zimebaki kule, na kipande cha saba amekilaza kinyume. Nitaviaminije vingine? Itabidi nivitupe vyote."

Dekio likamponyoka mama. "Cha saba? Hakijalazwa kinyume hata kidogo. Vyote nimevielekeza vichwa mlangoni, nikakagua mara mbili."

Daktari alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtiririka. Akaishika mikono ya mama, yote miwili, na maji yake ya deki.

"Na huko kantini, mama," akauliza, "ulivilaza kwenye meza ipi?"