Ya Heshima

Barua ile ilikuwa kwenye jalada la barua za kurudishwa, na ningeipita kama si afisa wangu wa takwimu, kijana mwerevu ila mwepesi wa kucheka. Aliichomoa akaisoma kwa sauti ili anichangamshe kabla ya kikao.

"Mama, hebu sikia hii. 'YA HESHIMA: KUFUNGWA KWA SHULE YETU.' Ya heshima! Watu hawajui hata kwamba YAH ni kifupi cha yahusu, halafu wanataka waachiwe shule."

Alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Mimi nilinyoosha mkono, naye akanipa, akidhani nataka kuitia wino.

Sifa hiyo ninayo, sikatai. Ofisi nzima wananiita Wino Mwekundu, na wanadhani sijui. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kiti cha ukurugenzi wa elimu nilitoa agizo: barua yoyote isiyofuata utaratibu irudishwe kwa mwandishi bila kujibiwa. Nilijiona nimenyoosha mambo, na nikatembea kifua mbele mwezi mzima.

Hii ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilirudishwa kwa muhuri wangu. Chini kabisa wazazi walikuwa wameandika: "Tumerudia kama mlivyoagiza. Kichwa tumekiacha kama kilivyo, maana ndivyo tulivyofundishwa na mwalimu wetu." Nikaangalia anwani. Ng'ambo ya mto. Kwenye orodha yetu ya shule za kufungwa kulikuwa na namba tu, na shule yenyewe ilishabadilishwa jina mara mbili. Lakini kichwa kile hakikuwa na wenyewe wengine duniani. Mwalimu huyo ni mimi, na mchana ule ule nilitakiwa kuisaini hiyo orodha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina cheti, nina sketi mbili. Baba alishafariki, mama alikuwa mfagiaji wa ofisi za serikali, na chuo cha ualimu kilikuwa kimya. Shule ile ilikuwa na mwalimu mmoja aliyechoka, akanichukua kwa muda, "ujishikize shikize." Kila asubuhi nilivuka daraja la miti viatu mkononi. Madawati manane, watoto hamsini na wawili. Waliokosa nafasi waliandikia magotini. Chaki ilipobaki kama ukucha bado niliandika nayo. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nimekalia viti vingi vya kuzunguka tangu hapo.

Siku ya somo la barua rasmi ilipokaribia nikakwama. Sikuwahi kuiona hata moja. Barua nilizozijua ni za shangazi, salamu nusu ukurasa. Nikamlilia mama. Jumamosi akaniletea moja aliyoiokota kwenye kapu la takataka la bosi, ameshainyoosha kwa pasi. Tukaketi jikoni tukaichambua neno kwa neno, mpaka tukagota kwenye herufi tatu.

"Mama, hii YAH ni nini?"

Mama aliishia darasa la pili, lakini hakuwa mtu wa kukubali kushindwa. Akaiweka karatasi mbali na macho, akajibu bila kupepesa: "Itakuwa ya heshima. Hawa wakubwa, mwanangu, kwao kila kitu heshima. Mimi hata kufagia wanataka nifagie kwa heshima."

Tulicheka hadi machozi, na nikaamini. Jumatatu niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: YA HESHIMA. Nikawaambia watoto kwamba barua isiyo na heshima haifiki.

Miaka miwili baadaye chuo kikaniita, na huko ndiko nilikoijua yahusu. Niliona haya peke yangu. Nikasema nitawaandikia wale watoto niwasahihishe, leo, kesho, basi ikapita. Nikawa mwalimu wa cheti, mwalimu mkuu, mkaguzi, hadi nikaingia jengo lile lile alilokuwa akifagia mama. Hakuwahi kuniona humu. Alifariki nikiwa mkaguzi. Kwenye kona ya ngazi bado kuna alama ukutani, alipokuwa akiegemeza fagio. Asubuhi, sakafu ikiwa haijakauka, namkumbuka.

Nikaisoma barua mpaka mwisho. Hoja zilikuwa zimepangwa moja moja, ombi likiwa la mwisho, kama nilivyowafundisha. Watoto wao hawafiki sitini, idadi tuliyoiweka ili shule ibaki, kweli. Lakini shule wanayopelekwa iko upande wetu wa mto, na daraja bado ni lile la miti. Mwaka jana mvua zililizoa, na kwa siku thelathini na tatu hakuna aliyevuka.

"Hii umeisoma yote?" nikamuuliza afisa.

"Niliishia kwenye kichwa, Mama. Ndivyo agizo linavyosema."

"Agizo la nani?"

"Lako, Mama."

Kwenye kikao niliwasomea wajumbe barua nzima, na kichwa chake. Walicheka. Mmoja akauliza ni mwalimu gani huyo aliyewaharibu watu namna ile.

"Ni mimi," nikasema. "Na nimewarudishia barua yao mara mbili kwa kosa langu mwenyewe."

Tukazungumza habari za mto, jambo ambalo tulipaswa kulizungumza tangu mwanzo. Tukakata shauri: shule ibaki mpaka daraja la zege lijengwe. Agizo langu la kurudisha barua nililifuta pale pale, kwa wino mwekundu.

Jibu niliandika kwa mkono, nikampa katibu wangu achape. Haikupita dakika akarudi, karatasi mkononi, uso wa mtu anayeogopa kumkosoa mkubwa.

"Samahani, Mama. Umeandika 'YA HESHIMA: SHULE YENU HAIFUNGWI.' Nirekebishe?"

"Acha hivyo hivyo."

"Lakini hili ni kosa, Mama."

"Najua," nikamwambia. "Ni la mama yangu. Piga muhuri."