Uji Chini ya Mgomba

Mzee Manasseh alijua mambo ambayo mwanamume wa heshima zake hapaswi kuyajua, na yote aliyajua kwa sababu ya goti. Goti lilipoanza kumsumbua aliacha kuchuma majani chai, akawa mtu wa kukaa kibarazani hapo kwake Nyacheki, fimbo mapajani, akilinda boma bila mshahara. Mbele yake ilikuwa nyumba ya mwanawe Eric, na ubavuni mwa nyumba hiyo migomba. Kila asubuhi, Bathsheba, mke wa Manasseh, akishashika njia ya shambani na kikapu mgongoni, Phanice, mke wa Eric, alitoka na kikombe kikubwa cha uji, akatazama huku na huku, akaumwaga wote chini ya mgomba.

Uji wenyewe haukuwa wa mchezo. Bathsheba aliukoroga alfajiri kwa wimbi alilolima mwenyewe. Jioni ilikuwa zamu ya chinsaga, ile mboga chungu ya wanawake waliojifungua, iliyochemshwa na maziwa mpaka uchungu ukakubali kuondoka. Mzazi akikonda, watu hawamcheki yeye, wanamcheka mama mkwe wake, na Bathsheba hakuwa mwanamke wa kuchekwa.

Mwanzoni Manasseh alidhani uji umeingia nzi. Siku zilizofuata nzi wakawa wengi mno. Ndipo akaelewa kwamba mkaza mwanawe alikuwa anajinyima chakula huku ananyonyesha, na kwamba katika boma zima aliyeliona jambo hilo ni yeye peke yake.

Chanzo chake alikifahamu. Mimba ya mtoto Osoro ilikuwa imempandisha Phanice presha na kumvimbisha, na baada ya kujifungua mwili haukurudi. Nesi Roselyne wa zahanati alimwambia apungue, lakini apungue polepole. Roselyne alikuwa na kikundi cha wazazi aliowatembeza kila wiki hadi kituo cha majani chai na kurudi, watoto migongoni, akiwafundisha njiani: punguza sukari kwenye uji, ugali uwe nusu, mboga jaza sahani, lakini usilale njaa hata siku moja, maana unayemnyonyesha naye anakula kwako. Phanice alikwenda kwa furaha. Kisha Eric akaja kutoka Nairobi kumwona mtoto, akasema mbele ya wageni kwamba alioa mke mmoja na sasa amekuta wawili ndani ya gauni moja. Watu walivunjika mbavu. Manasseh naye alicheka, na kicheko hicho kilimkaa kooni tangu siku hiyo. Eric aliondoka akiahidi kurudi Desemba. Phanice aliacha kikundi cha Roselyne, kwa sababu polepole yake isingefika kabla ya Desemba.

Sasa mtu atauliza: si amwambie tu? Aliyeuliza hivyo hajui chinsoni. Chinsoni ni ile haya iliyowekwa kati ya baba na mke wa mwanawe kama ua. Manasseh hawezi kuvuka kizingiti cha nyumba ya Eric. Hawezi kutaja mwili wa Phanice, wala tumbo lake, wala maziwa yake. Wakikutana njiani, mmoja hukaa kando na wote wawili hutazama nyasi. Ni heshima nzuri, nayo imelinda maboma mengi. Lakini haikuweka mlango wa dharura.

Alijaribu kupitia kwa mkewe. Usiku mmoja wakila, alijikohoza na kusema, "Mama Eric, naona yule mokamwana anapungua."

Bathsheba aliacha tonge hewani. "Unaona? Unaona kwa macho gani?"

"Nasema tu."

"Mwanamke avaa sweta na leso mbili, wewe unaona amepungua. Mzee wa kanisa! Hayo macho yako ya kupima mke wa mwanao, umeyatoa wapi?"

Manasseh aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alitaka kusema habari ya uji, lakini kueleza habari ya uji ni kukiri kwamba kila asubuhi humtazama. Akamalizia mboga yake bila kuisikia ladha.

Alijaribu tena. Alijikongoja hadi zahanati akidai anakwenda kuangaliwa presha yake. Roselyne alipomfunga mkono kwa kile kitambaa cha kupimia, mzee akaanza kuzunguka kwa maneno.

"Nesi, kwangu kuna uji unaobaki."

"Uji wa mzazi?" Roselyne alitabasamu. "Ni vizuri, baba. Mama wakwe wanawajazia sukari mno. Mwambie mama Osoro tunamkosa kwenye matembezi."

"Lakini unabaki sana."

Roselyne akamtazama vizuri. Alikuwa mwanamke makini, na pale alisimamisha kila kitu. "Baba, kuna shida nyumbani?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi. Manasseh aliliona neno, akalionja ulimini, akashindwa. Mwanamke wa rika la Phanice, wa kijiji hicho hicho, amwambie nini kuhusu mwili wa mkaza mwanawe? "Hakuna shida," akasema. Alirudi nyumbani akijitukana kwa kila hatua.

Uji uliendelea kumwagwa. Phanice alianza kushika ukuta akitembea, na Osoro akawa mtoto wa kulia hata baada ya kunyonya.

Ilikuwa Jumamosi, Sabato, boma lote liko kanisani. Phanice alibaki akisema kichwa kinamuuma, Manasseh kwa ajili ya goti. Mtoto alianza kulia. Akalia, akalia, mpaka kilio kikaanza kukauka. Manasseh alisimama.

"Mama Osoro!"

Kilio cha mtoto tu kikaendelea.

"Mama Osoro, mtoto!"

Alimpigia Bathsheba, simu imezimwa kwa ibada. Majirani nao walikuwa kwenye ibada hiyo hiyo. Alimpigia Roselyne, ambaye ni Mkatoliki na Jumamosi hukaa nyumbani.

"Ameanguka?" Roselyne akauliza.

"Sijui. Siwezi kuingia."

"Baba, ingia! Nakuja na bodaboda. Ingia uangalie, simu usikate."

Alifika kizingitini akatazama nyuma kama mwizi. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Aliusukuma kwa fimbo na kuona miguu ya Phanice sakafuni, karibu na mkeka alipolala mtoto. Leso ilikuwa imefunguka, na tumboni alikuwa amejifunga kitambaa kwa nguvu mpaka nyama zimejaa juu na chini yake. Manasseh alitia simu mfukoni mwa shati, sauti ikiwa juu, akavua koti lake la Sabato, akalishika mbele ya uso kama pazia, akavuka. Alilitupa juu ya Phanice bila kutazama lilipoangukia. Akamchukua mtoto.

"Anapumua?" simu ikauliza.

"Anapumua. Macho anafungua."

"Mwinue miguu juu. Kitambaa chochote kilichombana kifungue. Mpe maji ya sukari."

Mwinue miguu. Manasseh aliitazama mikono yake, mmoja una mtoto na mwingine una fimbo, na hakuna hata mmoja uliokubali. Mwishowe aliisukuma stuli kwa ncha ya fimbo, polepole, mpaka ikagusa kisigino cha Phanice. "Mama, weka miguu hapo," akasema huku akitazama ukuta. Kikombe cha maji ya sukari nacho alikiweka sakafuni, akakisogeza kwa fimbo hiyo hiyo, na nusu yake ikamwagika njiani. Habari ya kitambaa hakuitamka kabisa.

"Tata," Phanice akanong'ona, akimwita baba. "Toka nje."

Akatoka. Aliketi kwenye ngazi ya mlango, mgongo kuelekea ndani, Osoro akimnyonya kidole na kugundua hakina kitu. Nyuma yake alisikia Phanice akijaribu kuinua miguu, akishindwa, akijaribu tena. Barabarani hapakuwa na mlio wa pikipiki bado. Kutoka kanisani ng'ambo ya mashamba ya chai wimbo ulikuwa unaanza, na mkewe alikuwa mle ndani akiimba.

"Tata."

"Naam, mama."

"Pale migombani. Ulikuwa unaniona?"

Manasseh alifumba macho. "Nilikuwa nakuona."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Phanice alihema. Stuli ikaanguka sakafuni.

"Nilikuwa natoka ukiwa umekaa hapo," akasema. "Nilidhani kuna siku utasema."

Mtoto akakiachilia kidole, akaanza kulia upya. Manasseh alimbembeleza kwa maneno yote aliyoyajua, akitazama barabara.