Jiwe la Chakula

Kaka yangu Kasmir ana umri wa kuwa babu, lakini akili yake haitulii. Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Sumbawanga ikitutafuna, alipiga honi nje kwangu. Alikuwa na Noah yake kuukuu, hema la kuazima, na mama yetu kiti cha mbele, amejifunga blanketi.

"Salome, panda. Tunakwenda kulala milima ya Mbizi."

"Na mama? Umerukwa na akili?"

"Mama ndiye anayenipeleka."

Nilipanda nikifoka. Njiani ndipo nilipoambiwa kwamba asubuhi, akichambua maharage, mama alisema tu, "Sijui mle ndani kulikuwa na nini." Kasmir hakuhitaji zaidi.

Mle ndani ni ndani ya ilungu, tanuri la udongo ambalo babu yetu Fransisko aliyeyushia chuma huko mlimani. Wanawake hawakuruhusiwa kulikaribia. Mama, akiwa mtoto, alipeleka chakula, akakiweka juu ya jiwe bapa na kungoja sauti ya baba yake: "Josefina! Weka, rudi!" Akarudi. Kaka zake waliliona. Alipowauliza walicheka, na wote wameingia kaburini bila kusema. Mama amepita themanini na jambo hilo bado linamkereketa.

Tuliacha gari njia ilipoishia, tukapanda polepole. Tulipumzika kila mama aliposema, na alisema mara nyingi. Sufuria ya ugali wa ulezi alikataa kabisa nisimbebee. Nilidhani ana njaa.

Alasiri tukaliona tanuri, refu kuliko mtu, limebomoka upande mmoja, majani yameota juu yake. Hata mimi mlalamikaji mwili ulinisisimka. Kasmir alishatangulia, anaingiza mkono kwenye matundu ya chini. Mama akasimama. Mbele yake palikuwa na jiwe bapa. Akapiga magoti, akaweka sufuria, akageuka kurudi.

"Mama! Tumetoka mbali hivi!"

"Sijaitwa."

"Nani akuite? Hakuna moto, hakuna mafundi!"

"Salome, usinipigie kelele. Sijaitwa."

Kasmir akaanza kusimamisha hema. Mama alikaa kando ya jiwe akinyoosha shingo, akitamani kuona kama mtoto aliyefungiwa mlango. Hasira ikaniisha, nikamwonea huruma. Angeshuka kesho bila kujua, na safari nyingine asingeiweza.

Nikaenda mpaka mdomoni mwa tanuri. Sikuchungulia. Tangu nizaliwe sijawahi kumwita mama yangu kwa jina; kwetu hilo ni kutafuta kofi. Nikavuta pumzi, nikaikaza sauti.

"Josefina! Lete!"

Kasmir akaangusha kigingi. Mama alinitazama. Kisha akaichukua sufuria yake, akalipita jiwe, akaja. Akainama na kuingiza kichwa ndani, akakaa hivyo mpaka nikaingiwa na wasiwasi.

"Mama, kuna nini?"

"Udongo ulioungua," sauti yake ilijibu kutoka humo. "Na kiota cha ndege."

Alipotoa kichwa alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka. "Wangeniambia tu," alisema.

Tuliketi pale pale mdomoni, akafunua sufuria. Tonge la kwanza hakula. Alinyoosha mkono, akaliweka ndani ya tanuri mwenyewe.