Santuri Isiyofunguliwa

Kip Lundgren alikuwa na santuri ya mume wangu, na alikuwa hajawahi kuisikiliza. Nalisema hili mwanzo kabisa ili mtu asije akaniambia kwamba nilimchukia bure.

Santuri yenyewe ilitoka mwaka sitini na nne, hapa hapa Torrance, wakati kila kijana mwenye gitaa California aliimba habari za mawimbi hata kama hajui kuogelea. Royce, mume wangu, na wenzake watatu walijiita Wana Gia. Upande wa kwanza ulikuwa kelele tupu: mikweche iliyofungwa injini kubwa, matairi yanayolia, wasichana wa ufukweni. Mwishoni mwa upande wa pili kulikuwa na wimbo mmoja wa polepole, Royce peke yake na gitaa lake, na huo ndio uliokuwa wimbo. Redio hazikuutaka. Kampuni ikafa kabla ya Krismasi, kanda zikafutwa ili zirekodiwe mambo mengine, na nakala zilizobaki madukani zikauzwa kwa bei ya kutupa. Zetu waliziazima jamaa wasizirudishe, na jamaa ni jamaa.

Royce akaenda kupaka magari rangi, kazi iliyomla nusu ya maisha. Halafu ikaja saratani ya koo. Madaktari walitoa koromeo lote wakamwachia tundu shingoni, na mwaka uliofuata wakatuambia ugonjwa umeshuka mapafuni. Alinieleza kwa mikono anachotaka: alizungusha kidole hewani, polepole, kisha akajigusa kooni. Alitaka ajisikie akiimba, mara moja tu, kabla hajaondoka.

Nikaanza kuhangaika kwenye magulio ya santuri. Ndiko nilikomkuta Kip, Jumapili asubuhi, kwenye uwanja wa kuegeshea magari wa chuo kimoja, na meza yake na kahawa yake na shati la maua. Alikuwa anatoa kijigazeti cha santuri zilizosahaulika, na katika toleo lile aliiweka yetu juu kabisa ya orodha. Aliandika kwamba ndani yake mna sauti tamu kuliko zote zilizopuuzwa pwani hii. Nilisoma nimesimama, machozi yakanitoka.

"Unayo?" nikamuuliza.

"Ninayo, mama! Tena mbichi. Nailoni ya kiwandani haijaguswa."

"Basi turekodie huo wimbo wa mwisho kwenye kaseti. Mwimbaji ni mume wangu, na mgonjwa. Santuri baki nayo."

Akanitazama kana kwamba nimemwomba figo. "Siwezi kuifungua, mama. Inayojulikana ikiwa bado imefungwa ni hii moja tu. Ukiifungua, inakuwa santuri tu."

"Sisi tuliitengeneza iwe santuri tu."

Jirani yake wa meza ya pili akaangua kicheko. "Kip, leo umepatikana, kaka!"

"Na hiyo sauti tamu uliyoiandika," nikasema, "uliisikia wapi?"

Akajikuna ndevu. "Kuna jamaa alimjua mtu aliyewahi kuisikia."

Hakuona aibu hata kidogo. Badala yake akanijia na wazo: nimlete Royce kwake apigwe picha akiwa ameishika, kwa ajili ya kijigazeti. "Itakuwa heshima kubwa kwangu, mama." Nilikubali. Nilidhani akimwona mtu anayekufa mbele yake, moyo utamlainika. Ujinga wangu huo.

Alikaa Fontana, mbali na bahari, kule ambako joto la kiangazi hukufanya utukane. Gereji aliigeuza chumba cha santuri, na yetu aliitundika ukutani, mkabala na dirisha, kila mgeni aione. Akatupa soda na viazi vya kukaanga vya pakiti. Akamwita Royce "gwiji wangu" mpaka nikachoka kuhesabu.

"Shika pembeni tu, gwiji wangu. Vidole visiguse picha. Hivyo hivyo. Tabasamu!"

Royce hakutabasamu. Alikuwa anautazama uso wake mwenyewe chini ya nailoni, kijana mwenye nywele za kumwagika na meno yote. Kisha akaweka ukingo wa jalada juu ya paja na kuuburuta kwa nguvu kwenye jinzi yake, mara moja tu. Ndivyo tulivyokuwa tukifungua santuri wote, tungali mlangoni mwa duka, kwa kukosa subira. Nailoni ikapasuka.

"Mzee!" Kip akapiga ukelele. "Mzee, unafanya nini! Mungu wangu! Mama, mzuie!"

Sikumzuia. Nilifurahi kama mtoto. Royce akaichomoa santuri, na furaha yangu ikaishia hapo hapo.

Ilikuwa imejipinda kama kigae cha paa. Nailoni ile ikipata joto hujikaza, mwaka hadi mwaka, na kilichomo ndani hupinda nayo. Kila muuza santuri analijua hilo. Kip alilijua vizuri, maana aliwahi kuwaonya wasomaji wake. Ila ili ajue kama limempata na yeye, ingembidi afungue.

Royce aliiweka kwenye gramafoni hata hivyo, akashusha sindano penye wimbo wa mwisho. Ikaruka. Tukasikia waya mmoja wa gitaa, kisha kipande cha sauti kifupi kuliko kikohozi, kisha mkwaruzo mpaka katikati. Akairudisha. Ikaruka tena. Akairudisha.

"Utaniharibia sindano, mzee," Kip akasema. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, ananyoosha vipande vya nailoni juu ya goti lake aone kama kibandiko cha bei kimepona.

Nilimwambia neno ambalo sitaliandika. Royce aliurudisha mkono wa sindano mahali pake, taratibu, akanishika kiwiko, tukaondoka.

Niliendesha mimi. Barabara kuu ilijaa magari, jua usoni. Royce alikuwa ameegemea kioo, na sikuweza kuvumilia kimya kile, kwa hiyo nikaanza kumwimbia wimbo wake mwenyewe. Sauti sina, lakini wimbo niliujua. Alikuwa akiufanyia mazoezi jikoni kwetu. Ubeti wa kwanza ukatoka wote. Akageuka kunitazama, macho yamemlowa, anapiga mdundo kwa kidole kwenye goti.

Nilipofika ubeti wa pili, maneno yakanipotea. Nikarudia mstari wa mwisho, nikarudia tena, hayakuja. Kwa pembe ya jicho nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa ananitajia, neno kwa neno, na lori lilikuwa mbele yangu na jingine ubavuni, nami sikuweza kuondoa macho barabarani nimsome.