Nyaya Mbili Zilizonyooshwa

"Mama Gereji, hivi gari linaweza kujisahau?"

Jirani aliuliza hivyo siku moja, amesimama mlangoni mwa gereji, mikono kaificha ndani ya mtandio. Mama Gereji akacheka, akadhani ni utani.

"Lijisahau vipi, shoga yangu? Lina akili hilo?"

Jirani hakucheka. "Mume wangu anaapa lilijisahau. Anasema lilizima lenyewe, kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Wenzake wanasema aliyepitiwa ni yeye." Akainamisha uso. "Na mimi, Mungu anisamehe, aliporudi nilimnusa mdomo."

Mumewe alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la hospitali. Siku ya tukio hilo alimbeba mama mwenye uchungu, gari likamzimikia mlimani. Mtoto akazaliwa kando ya barabara, mvua inanyesha, na mama mtu akaponea chupuchupu. Mtaa ukahukumu kabla ya wakubwa: dereva alikuwa kalewa. Akasimamishwa kazi, na sasa kikao cha hospitali kilikuwa kesho yake, kuamua kama afukuzwe.

Swali lile lilimganda Mama Gereji kama kupe. Siku ileile hospitali ilipolileta gari likaguliwe, alilizunguka akiomba kimoyomoyo, macho hayatulii. Gereji aliachiwa na marehemu mumewe, na kazi aliijua kwa kukaa pembeni yake miaka yote, akimshikia taa na kuuliza maswali.

Fundi umeme wa pale alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Watu walimwita Maridadi, na jina lilimkaa. Ovaroli yake ilipigwa pasi. Kwenye gari aliloligusa hukuti waya umening'inia. Zote zimelala sambamba, zimefungwa tepu nyeusi, na ncha ya tepu ameikunja pembe ndogo kama pembe ya shuka iliyotandikwa. Wateja walifungua boneti kuwaonyesha marafiki.

"Gari zima, shemeji," alisema Maridadi akijifuta mikono. "Nimelipima lote. Ugonjwa uko kwenye chupa, hauko kwenye waya."

"Mwite dereva mwenyewe."

"Yule mlevi? Aje kutufundisha nini?"

"Aje atuonyeshe alivyofanya. Aliyeumwa na nyoka ndiye anayejua shimo."

Dereva alikuja kwa miguu, ndevu hazijanyolewa, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu kama anakwenda kuhukumiwa. Akakaa kwenye usukani, akawasha. Injini ikanguruma vizuri. Maridadi akatabasamu.

"Siku ile ulifanya nini tena?" Mama Gereji aliuliza.

"Niliwasha king'ora, mama. Na taa zote. Halafu nikakanyaga mafuta, mlima ule mkali."

"Fanya hivyo hivyo."

King'ora kikalia, majirani wakachungulia. Dereva akakanyaga. Mara taa za dashibodi zikawaka zote pamoja, mshale wa mwendo ukaruka ukaanguka, na injini ikafa. Ikabaki sauti ya king'ora peke yake.

"Mmeona?" Dereva aliupiga usukani kofi. "Jamani, mmeona?"

Mama Gereji alishainama chini ya dashibodi na tochi. Zilikuwepo nyaya mbili nyembamba ambazo visanduku vya kompyuta vya gari huzitumia kusemezana: injini inasema, breki inasikia, dashibodi inajibu. Nyaya hizo hutoka kiwandani zimesokotwa pamoja kama uzi wa kushonea magunia, na si kwa urembo. Zikisokotana, kelele za umeme huzipata zote mbili sawasawa, na kisanduku kinachosikiliza hulinganisha, kikaitupa kelele na kubaki na neno. Hapa zilikuwa zimesokotolewa, zikanyooshwa, zikalazwa ubavuni mwa waya mnene wa altaneta inayozalisha umeme wa gari na ule wa king'ora. Mzigo wa umeme ukizidi, waya mnene ulipiga kelele, na visanduku havikusikizana tena.

Ilikuwa kazi nadhifu kuliko zote alizowahi kuona. Na ncha ya tepu ilikunjwa pembe.

Akakata tepu, akazitenga nyaya mbili mbali na zile nene, akazisokota upya kwa vidole, taratibu, mpaka mwisho. "Washa. King'ora, taa, kanyaga."

Injini ilinguruma bila kukohoa. Dereva akakanyaga tena na tena, machozi yanamtiririka na huku anacheka.

"Kumbe ni kiwandani! Walilikosea huko huko!"

"Kiwandani, kaka!" Maridadi alidakia. "Watu wa viwanda hawa, wee waache tu." Kisha akamvuta Mama Gereji nyuma ya matairi, sauti chini. "Shemeji, nakuomba. Nilipofunga king'ora niliziona nyaya hizo zimejisokota kama nywele zisizochanwa, nikazitengeneza. Sikujua nimeharibu mpaka niliposikia habari ya mlima ule. Dereva keshaokoka sasa. Kiwanda kiko mbali, hakiumii. Mimi nitaumia, na jina la kaka litaumia."

Mama Gereji alimtazama dereva anavyocheka. Kweli, nani angeumia? Neno moja dogo, na kesho kila mtu angelala kwake. Alikaribia kuitikia.

"Ving'ora ulifunga magari mangapi ya hospitali?" aliuliza.

"Mawili." Maridadi akatazama viatu vyake.

"Shemeji, lile la pili nalo ulilinyoosha?"

Maridadi akaitikia kwa kichwa.

"Na liko barabarani?"

"Liko."

Mama Gereji akatoa simu hapo hapo, akampigia mkuu wa usafiri wa hospitali, sauti akaifungulia spika ili dereva asikie. "Lisimamishe gari la pili, baba, sasa hivi. Dereva wako hakulewa. Waliokosea ni sisi, ni gereji yangu."

Zilisikika kelele za watu wakiitana, mlango ukabamizwa. Baadaye mkuu akarudi akihema. "Limesimama. Gari jingine linamfuata mgonjwa. Sasa niambie, nani alizigusa nyaya?"

"Mwenye gereji ni mimi."

"Sikuulizi gereji, mama. Nauliza mtu."

Dereva alishashuka kwenye gari. Alimtazama Maridadi, kisha tepu nyeusi iliyokatwa sakafuni. "Wewe," alisema polepole. "Ulinitania kwa kinyozi mbele ya watu, mpaka mwanangu akasikia. Ulikuwa unajua?"

"Haloo?" simu ilisema.

Mama Gereji hakumtaja. Alimnyooshea shemeji yake simu, mkono ukabaki hewani. "Jiseme mwenyewe, baba. Ukijisema nitasimama nawe, kwa yote yatakayokuja."

Maridadi aliitazama simu. Akafungua vifungo vya ovaroli kimoja kimoja, akaivua, akaikunja vizuri mikono ndani, akaiweka juu ya benchi. Halafu akapita katikati yao, akatoka nje, akaiacha simu mkononi mwa Mama Gereji.