Waya Uliorudi Kwao

Barua ilikuwa tayari kabla Mama Ndoo hajaulizwa hata neno. Meneja aliiandika kwa mkono, maana printa nazo zilikuwa zimekufa. Aliisoma kwa sauti iliyofika mlangoni. Ilisema kwamba mfanya usafi wa ofisi ya vifurushi alimwaga maji ya deki kwenye nyaya akaua mtandao, kwamba anakiri kosa, na kwamba anaacha kazi kwa hiari yake.

"Weka sahihi, Mama Ndoo, tusichoshane."

Kaunta ilijaa wateja. Vifurushi vimelala chini, hakuna kompyuta iliyoweza kuiambia nyingine kipi kiende wapi.

Mama Ndoo, mjane aliyesomesha watoto watatu kwa ndoo na tambara, aliisoma barua kwa kidole, neno baada ya neno. Darasa la saba lilimtosha kwa hilo. Akairudisha mezani.

"Siweki."

"Unasemaje?"

"Umenisikia, mzee. Mungu hakunipa mkono huu niandikie uongo."

Karani mkuu alicheka. Walimwita Bwana Nyoosha, maana hakupita penye kitu kilichokaa upande bila kukiweka sawa. "Mama, mwenye kudeki chumba kile ni wewe. Au mtandao umekufa kwa homa?"

"Ingekuwa homa, isingepona kwa kumfukuza mfagizi."

Wapakizi wakaguna kwa kicheko. Fundi wa mtandao, binti wa rika la kitinda mimba wa Mama Ndoo, alikuwa amepiga magoti mbele ya kompyuta ya nne. "Anwani ya hii ni sahihi," alisema. "Na ya ile pia. Laini ya nje iko hai. Sielewi."

"Mwanangu, chumba cha nyaya umekitazama?"

"Nimechungulia, mama. Pakavu, na taa zote zinawaka."

"Ndilo hilo! Miaka sita nakifuta vumbi kile kisanduku zinamochomekwa nyaya zote. Taa zake huwaka kwa zamu, moja ikisema nyingine inangoja. Sasa hivi zinapiga zote kwa mpigo mmoja, kama darasa mwalimu akitoka. Nilipomaliza kudeki asubuhi zilikuwa na adabu zake."

"Mwanamke wa deki atufundishe kompyuta?" meneja akang'aka.

"Sifundishi, nasema nilichokiona. Twende ukaone na wewe. Au unaogopa kukuta sakafu kavu?"

Waliikuta kavu. Mjane akaweka kidole juu ya waya mmoja wa buluu, akaufuata polepole. Ulitoka tundu la tatu, ukapita nyuma ya kabati, ukaingia tundu la tisa la kisanduku kilekile.

"Huu hauendi kwa mtu. Umetoka kwao, umerudi kwao. Asubuhi ncha yake moja ilikuwa inaning'inia."

Fundi akauchomoa. Taa zikatulia, kisha zikaanza tena, moja hapa, moja pale. Huko kaunta printa ikakohoa.

"Kompyuta ikimtafuta mwenzake, wito hutoka kwa matundu yote," fundi alieleza. "Ukitokea huku ukarudia kule, kisanduku kinautoa upya, bila kikomo. Kelele zinajaa njiani, hasikiki mtu. Nani ameuchomeka?"

Bwana Nyoosha alitazama viatu vyake. "Ulikuwa unaning'inia," alisema. "Nikaona haupendezi."

Waliporudi kaunta, meneja alijifuta jasho. "Haya, yamekwisha. Mama, rudi kazini."

"Hayajaisha. Umeniita mharibifu mbele ya watu, nao hawa hapa, hawajaondoka. Andika barua nyingine, kwa mkono uleule, useme nani kafanya nini. Kisha uisome kwa sauti, kama ile."

"Wateja wanangoja!"

"Na mimi nangoja nao." Akavuta kiti cha meneja, kiti alichokipangusa miaka sita bila kukikalia, akaketi.

Meneja akamtazama karani, akaitazama foleni. Akaichana ile barua, akachukua karatasi, akaandika. Aliposimama kusoma, sauti yake haikuvuka meza.

"Paza kidogo, mzee," alisema Mama Ndoo. "Wa mlangoni walisikia ya kwanza vizuri sana."