Baiskeli Haifungwi na Mwenyewe

Tangu Machi, Bernadette Gagnon hakuwa anahisi kitu. Armand, mumewe, alifariki ghafla, akazikwa, na watu wa mji wao mdogo kule kaskazini mwa Vermont wakamletea maharage ya kuoka, supu na mikate, kisha wakakaa kumsubiri alie. Hakulia. Alisema asante, akaosha vyombo vyao na kuvirudisha kimoja kimoja. Watu nao, bwana. Ukilia sana wanasema huna imani, usipolia wanasema hukumpenda marehemu. Bernadette aliwasikia wakinong'ona, na hilo nalo halikumgusa.

Kilichobaki ilikuwa safari. Armand ndiye aliyeipanga wakati wa Krismasi: wiki nzima kwenye milima ya Slovenia wakiwa na mwongozaji, kwanza kwa baiskeli kwenye njia za mawe, halafu kwa miguu mpaka vileleni. Nafasi ya Armand ilikwishafutwa. Ya Bernadette ilikuwa pale pale, na Celeste, binti yao, hakuacha kupiga simu.

"Mama, huli, hulali. Unakwenda kuvunjika shingo kwenye majabali ya watu, kwa sababu gani?"

"Nakula mbona."

"Haya, leo umekula nini?"

Bernadette akafikiri. Hakukumbuka. "Nimekula," akasema.

Asingeweza kumweleza mtoto, lakini sababu alikuwa nayo. Aliogopa kitu kimoja, na hata huo woga aliujua kwa akili tu, mwili haukushtuka: kwamba akibaki nyumbani mara hii, ganzi hii ndiyo itakuwa maisha yake mpaka na yeye azikwe. Asingepanga safari nyingine, alijijua. Ilikuwa ama Slovenia, ama kiti cha jikoni.

Basi akawa anafanya kila alichoambiwa. Mwongozaji, kijana mmoja mchangamfu aitwaye Matjaž, alimwambia kwenye simu ya video avae buti zake mpya nyumbani mpaka zilainike. Akazivaa. Aliosha nazo vyombo, akatazama nazo televisheni, na usiku mmoja akalala nazo. Aliambiwa azoee kubeba mzigo mlimani, akajaza unga kwenye begi na kupanda kilima cha nyuma ya nyumba kila siku, mvua isimzuie. Malengelenge yakapasuka. Akaitazama damu kwenye soksi kama vile mguu ni wa jirani, akabadilisha soksi, akaendelea.

Sasa, waendesha baiskeli wa vilima vya Vermont wana desturi yao, na hawaichezei. Baiskeli ya kusafiri kwa ndege inafunguliwa vipande na kufungwa kwenye boksi, na mwenyewe haruhusiwi kuifunga yake. Nyani haoni kundule. Kuna mwenzao mmoja aliyejifanya fundi, akafunga yake mwenyewe, akafika Peru hana pedeli hata moja, akamaliza wiki nzima ndani ya gari la mizigo akiwapungia mkono wenzake. Tangu hapo kila mtu anafungiwa na mwenzake. Kwa akina Gagnon hilo halikuwa na mjadala: Armand alifunga ya Bernadette, Bernadette akafunga ya Armand, miaka nenda miaka rudi, wakitukanana kwa mapenzi, kila mmoja upande wake wa gereji.

Wiki ile ya safari, Normand, mdogo wake Armand, ambaye naye alikuwa anakwenda, alimuuliza, "Shemeji, baiskeli yako nije niifunge?"

"Usihangaike. Itakuwa imefungwa."

Normand hakuuliza na nani. Siku hizo mtu alikuwa anachagua maneno mbele ya Bernadette.

Siku moja kabla ya kuruka, Bernadette alishuka gereji asubuhi, akakunjua boksi, akachukua spana. Mikono ilijua kazi. Ikang'oa pedeli ya kulia, ikang'oa ya kushoto, ambayo hufunguka kwa kuzungushwa kinyume. Ikageuza usukani, ikapunguza upepo kwenye matairi, ikazungushia vyuma sponji mpaka hakuna kinachogongana. Akabandika utepe wa gundi juu ya boksi. Kisha akavuta kigoda, akakaa.

Normand alifika na gari lake saa za mchana, akamkuta amekaa vile vile.

"Shemeji, ndege ni kesho, na hapa si uwanja wa ndege," akamtania. "Tayari?"

"Boksi hilo hapo."

Normand akaliinua upande mmoja, akaguna. "Umefunga baiskeli au umefunga jiko? Mtu mwenyewe mfupi hivi, baiskeli ndefu kama..." Hakumaliza. Alikuwa ameinua macho ukutani. Pale kwenye ndoano ilining'inia baiskeli ndogo ya kijani, ya Bernadette, ikiwa na pedeli zake zote na magurudumu yake yote. Ndoano ya pembeni, ya Armand, ilikuwa tupu.

Akaliweka boksi chini polepole.

"Bernadette. Humu umefunga ya nani?"

"Ya Armand," akajibu, kama aliyeulizwa leo ni siku gani.

"Na yako?"

"Yangu anafunga yeye."

Alilisema bila wasiwasi. Halafu akalisikia neno lake mwenyewe. Mazoea yana taabu, yalimtoa kitandani, yakamshusha ngazi, yakampa spana mkononi, na kichwa hakikuwa na habari.

"Nilikuwa namsubiri," akasema. "Normand, tangu asubuhi nimekaa hapa namsubiri amalize."

Hapo ndipo kilio kilipomjia. Hakikuanza na machozi, kilianza na sauti nzito kutoka tumboni, kikamwangusha kutoka kwenye kigoda mpaka sakafuni. Normand alipiga magoti akamshika, na yeye mwenyewe akalia, mtu mzima na ndevu zake. Miezi yote ile alikuwa amejikaza kwa ajili ya shemeji yake. Walilia mpaka sauti zikawakauka.

"Nimpigie yule kijana mwongozaji?" Normand akauliza baadaye sana. "Nimwambie hatuji. Ataelewa."

Bernadette alijifuta kwa mkono wa sweta. Aliumwa kila mahali, kifua, koo, mpaka meno. Alimpenda mume wake na mume wake alikuwa amekufa, na uchungu wake haukuwa na mahali pa kuushika. Lakini ulikuwa wake. Aliinuka, akaenda ukutani, akaishusha ile ya kijani mwenyewe na kuiweka mbele ya Normand.

"Nifungie wewe," akasema. "Yeye haji."